Kujaza risasi nyumbani Doha

SWALI: Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Doha. Napenda mchezo wa shabaha na nimevutiwa na watu wanaorekebisha bastola zao na kujaza risasi wenyewe. Naweza kuanzia chumbani?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nakusihi usijaribu. Nchini Qatar, silaha, risasi na baruti ni mambo ya leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Baruti chumbani bila kibali itakupeleka jela, achilia mbali hatari kwa unaoishi nao.

Isitoshe, mchezo wenyewe hauhitaji hayo. Bastola ya Olimpiki ya mita 25 hujipakia yenyewe, lakini hutumia risasi za milimita 5.6 ambazo kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda. Likishapigwa, ukingo umebonyea. Ganda hilo halijazwi tena. Hata mabingwa hununua zao kiwandani, na kazi yao ni kujaribu aina mbalimbali hadi wapate inayokubaliana na mtutu.

Ufundi ninaoupenda mimi uko kwenye mpini. Mbao huchongwa kufuata kiganja chako, hadi bastola ielekee shabaha bila kulazimishwa.

Anza na bastola ya upepo, mita 10, chini ya mkufunzi. Kifyatulio chake hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko gramu 500. Uliza uwanja wa Lusail, ulioandaa shabaha ya Michezo ya Asia 2006, kama wanapokea wanafunzi wageni.