Kabla Hujainua Simu Dzaleka

Mgeni akifika Dzaleka na kamera, picha inayomjia kwanza ni ile ile: mtoto, vumbi, ukuta wa matofali ya udongo. Imepigwa tangu kambi hii ya wakimbizi nchini Malawi ilipofunguliwa mwaka 1994, na haijamwonyesha mtu Dzaleka ni mahali gani. Palitengwa kwa watu elfu kumi na kitu. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na sokoni bei ya nyanya inapatanwa kwa Kiswahili. Huu ni mji. Upige kama unavyopiga mji: fundi cherehani kazini, kinyozi, foleni ya bomba, vijana wa ngoma wakijinoa.

Anza na ruhusa. Kambi iko wilaya ya Dowa, mwendo usiofika kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe, na iko chini ya serikali. Mwenye kamera kubwa asiingie kienyeji. Apitie kwanza kwa wakuu wa idara ya wakimbizi. Njia nyepesi kwa msafiri ni Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki Mkongomani aliyekuwa mkimbizi hapo hapo. Siku hizo wageni wanakaribishwa, hata kulala katika nyumba za wenyeji. Ukipata nafasi hiyo, ichukue, maana aliyelala kambini anaamka kambini, na mwanga mzuri haumsubiri mtu wa basi dogo kutoka mjini.

Tamasha huangukia mara nyingi karibu na mwanzo wa Novemba, na hapo jua lina hila yake. Kipindi hicho linapita karibu wima juu ya Dzaleka. Kufikia saa 5:30 mchana kila jicho ni shimo jeusi na kofia inameza uso mzima. Usibishane na jua hilo. Mwombe mtu asogee chini ya ukingo wa paa, aelekee nje. Ardhi nyekundu itamrudishia mwanga laini kutoka chini. Mwanga huo utakuja na wekundu kidogo, nao usiufute wote. Jua lenyewe huchomoza kama saa 11:10 alfajiri, wakati moshi wa makaa bado umelala kati ya nyumba. Panda Dzaleka Hill, mtaa ulioinuka, uone mabati yanavyoenea. Hiyo ndiyo picha ya ukubwa wa mahali, na haihitaji uso wa mtu.

Bati jipya likiwa nyuma ya mtu, simu hudanganyika: inapunguza mwanga, na mtu mweusi anageuka kivuli. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha ongeza mwanga kidogo. Afadhali bati liungue kuliko uso upotee.

Sasa jambo zito. Wapo Dzaleka waliokimbia vita, na wapo waliokimbia watu, na hao watu bado wanawatafuta. Picha yenye uso, kibao cha duka na jina la mtaa ni ramani kamili. Kwa hiyo maombi ni mawili, si moja. "Jambo mama, naomba nikupige foto?" Akikubali, ongeza: "Na nikiiweka mtandaoni, sawa?" Anayekubali la kwanza ana haki ya kukataa la pili, na wengi hukataa. Hapo piga mikono juu ya cherehani, viatu mlangoni, mgongo wa mbeba ndoo. Mwonyeshe ulichopiga, asipokipenda, kifute mbele yake. Kwa Mmalawi, hata kwa Chichewa cha kubahatisha, "Zikomo amayi, ndingakujambuleni?" itakufungulia zaidi ya lenzi ya bei kubwa.

Dzaleka ina tabaka jingine. Kabla ya kambi palikuwa gereza ambamo Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, aliwafungia wapinzani wake. Mwombe mzee wa hapo akuonyeshe kilichobaki. Ukuta wa zamani peke yake haumwambii kitu asiyejua habari zake. Subiri mtu apite mbele yake akienda sokoni, ndipo ubonyeze.

Lilongwe inawashinda wapiga picha kwa sababu nyingine: haina kitovu. Ilichukua hadhi ya makao makuu kutoka Zomba mwaka 1975, ikapangwa kwa nafasi kubwa, na miti imeficha nusu ya majengo. Usihangaike na picha ya mji mzima. Nenda mji wa zamani, kando ya mto, kwenye soko na vivuko vya mbao vya kulipia. Lipa, vuka, kisha geuka upige ukiwa ukingoni. Ukisimama katikati ya daraja linatikisika, na wenye mizigo watakutukana kwa haki. Kwenye kaburi la Kamuzu, rudi nyuma kadiri unavyoweza. Ukikaribia na kuinua simu juu, nguzo zake nne zitainama kama zimelewa. Ikulu, kambi za jeshi, polisi na uwanja wa ndege: simu mfukoni. Bungeni, zungumza na mlinzi kwanza.

Kwa mandhari, chagua mwezi. Septemba na Oktoba jakaranda zinachanua mjini, lakini moshi wa mashamba yanayochomwa unafuta vilima. Aprili na Mei, mvua ikishaosha hewa, ndio wakati wa kwenda Dedza kwenye michoro ya miambani ya Chongoni, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2006. Huko usiwashe taa ya simu, wala usimwagie mchoro maji ili rangi ikolee, hata kama mtu atakwambia ndivyo inavyofanywa.

Jioni, kabla ya kutuma chochote, zima alama ya mahali kwenye picha za Dzaleka, kisha andika maelezo ungali unakumbuka: mwezi, kazi inayofanyika, jina la mtu ikiwa tu alitaka liandikwe. Kuwa makini na Kawale na Likuni. Ni mitaa ya kambini, na pia ni majina ya sehemu za Lilongwe, na mhariri asiyejua ataweka picha yako upande usio wake.