Samaki wa Moshi juu ya Tosti

Sangara wa Ziwa Viktoria akikaushwa kwa moshi, joto humpunguzia maji, na moshi humpaka kemikali ziitwazo fenoli, ambazo huzuia bakteria kuzaliana na mafuta kuchacha. Ukavu ndio mlinzi mkubwa. Moshi ni msaidizi.

Mpishi wa karamu huuondoa ulinzi huo pasipo kujua. Humchambua samaki, akamponda kwa siagi na maji ya limau, akampaka juu ya tosti. Unyevu umerudi, na asidi ya limau hiyo haitoshi kuzuia bakteria. Katika joto lizidilo nyuzi 32 za Sentigredi, vitafunio hivyo visikae mezani zaidi ya saa moja. Tosti yenyewe ipakwe siagi kwanza, kwani mafuta huzuia maji kupenya. Mwanafunzi mwenye mizani ya maabara aweza kulithibitisha hilo kwa vipande viwili.

Jodari ana hatari nyingine. Akicheleweshwa juani kabla ya kukaushwa, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yake. Sumu hiyo haiondolewi na moto wala moshi, na huenda isiwe na harufu yoyote. Mlaji huwashwa mwili na kuumwa kichwa, pengine dakika chache tu baada ya kula.