Ngome Iliyosimamishwa kwa Neno: Kituo cha Bosongo katika Historia na Fasihi Simulizi ya Abagusii

Utangulizi

Ngome za kale zinazohifadhiwa humpa mgeni kuta za kugusa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ni mfano bora. Mjini Kisii hali ni tofauti. Kituo cha mpakani kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1907 kimemezwa na mji uliokua juu yake, na kinachokisimamisha upya ni masimulizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba masimulizi hayo huhifadhi kile ambacho kuta haziwezi kuhifadhi, yaani mtazamo wa waliokuwa nje ya kituo.

Kituo na vita vyake

Abagusii hawakuupokea utawala wa kikoloni kwa hiari. Mwaka 1905 Waingereza waliwashambulia kwa bunduki ya rashasha, wao wakiwa na mikuki na ngao. Miaka miwili baadaye kituo kikawekwa mahali paitwapo Getembe, na G.A.S. Northcote akawa mtawala wake. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona, lakini wenyeji waliadhibiwa vikali: watu waliuawa, mifugo ikatwaliwa na nyumba zikateketezwa. Hata Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni, alilalamika kwa maandishi kuhusu wingi wa waliouawa.

Aidha, mpaka na koloni la Wajerumani haukuwa mbali. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo wakapigana na askari wa Waingereza, kisha wakarudi nyuma. Katika ghasia hizo wenyeji walipora ofisi, maduka na misheni ya Nyabururu. Tendo hilo ladhihirisha kwamba utiifu wa miaka ile ulikuwa wa nje tu.

Kituo katika masimulizi

Katika kumbukumbu za serikali, mhusika mkuu wa mwaka 1908 ni afisa aliyejeruhiwa. Katika masimulizi ya Abagusii, mhusika mkuu ni Moraa, mwanamke mganga na mtabiri aliyewachochea vijana wapigane. Uhusiano wake na Otenyo hutofautiana: baadhi ya wasimulizi humwita shangazi yake, wengine mama mlezi. Husimuliwa pia kwamba Otenyo alikatwa kichwa, nacho kikapelekwa Uingereza. Zaidi ya hayo, mtabiri Sakagwa husemekana kuwa aliutabiri mji wa Getembe kabla Wazungu hawajafika. Utabiri huo humwondolea mgeni sifa ya mwanzilishi, kwani mji ulikwisha kutajwa na mwenyeji.

Majina nayo yana ushahidi wake. Kwa Ekegusii, Mzungu ni omosongo, na mji ukaitwa Bosongo. Kiambishi bo- kinalingana na u- ya Kiswahili, hivyo Bosongo ni ndugu wa Uzunguni. Northcote naye aligeuzwa Nyarigoti. Mtawala aliyeandikisha watu majina alibatizwa nao jina lingine, na hilo ndilo linalodumu katika masimulizi.

Fundisho kwa mtafiti

Mwanafunzi anayekwenda Kisii au Nyamira kukusanya masimulizi haya hana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, atenge lililothibitishwa na maandishi na lile linalosimuliwa, bila kulidharau lolote. Pili, anakili matoleo yote ya kisa kimoja. Tofauti kati ya shangazi na mama mlezi si kosa la kusahihishwa. Huenda ikaeleza jinsi kila jamaa inavyouelewa wajibu wa mwanamke vitani. Tatu, aandike kwanza kwa Ekegusii, kisha afasiri kwa Kiswahili, kwani maana ya jina kama Bosongo hupotea upesi katika tafsiri.

Hitimisho

Kuta zikibomoka huweza kujengwa tena kwa michoro na picha za zamani. Msimulizi akifa kabla hajasikilizwa, hakuna mchoro wa kumrejesha. Waliohadithiwa habari za Moraa na watu waliomwona kwa macho ni wachache mno leo. Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili vyuoni visisubiri serikali ijenge ngome ya ukumbusho. Kazi ya kukusanya masimulizi ianze sasa, kuanzia vijiji vinavyouzunguka mji wa Kisii hadi Manga na Keroka.