Dondoo Muhimu: Lenzi Iliyotumika, Usiyoiona kwa Macho

Picha za tangazo zisikulevye. Mwombe muuzaji video: azime taa ya chumba, awashe tochi ya simu nyuma ya lenzi, kisha aigeuze polepole. Ukiona nyuzi mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, maradhi ya lenzi zilizofungiwa kabatini kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu. Ikiwa ni Nikon ya AF-D, asukume kijiti kidogo cha nyuma ili vibati vya ndani vifunguke. Vikiwa na mafuta, au vikisuasua kurudi, achana nayo. Vumbi kidogo lisikutishe. Karibu kila lenzi kuukuu inalo, na ni nadra kuonekana pichani.

Namba ya lenzi ionekane kwenye video hiyohiyo. Mimi niliwahi kuonyeshwa lenzi moja, kisha nikaletewa nyingine kwa basi.

Sasa kamera yako. Nikon 50mm f/1.8D itaingia bila shida kwenye D3500, lakini utafokasi kwa mkono, maana kamera hiyo haina mota ya kuizungusha. Canon EF hukaa kwenye kamera za RF kwa adapta. RF haikai kwenye kamera ya EF.

Kabla ya kutuma hela, pata kwa maandishi siku za kurudisha mzigo na nani atalipa nauli. Muuzaji akisema, "Tuma kwanza, tutaongea," mwachie lenzi yake.