Viambishi -ku- na -ja- katika Ujumbe wa Seva: Tatizo la Kazi Ndefu

Makala haya yanajadili tatizo ambalo wahandisi wa programu wamelizoea, lakini ambalo, kwa maoni yetu, lina upande wa kisarufi uliosahauliwa. Mtumiaji anapobonyeza kitufe katika ukurasa wa wavuti, kivinjari hupeleka ombi kwa seva na kungoja jibu. Kazi ikiwa fupi, hapana shida. Ikiwa ndefu, mathalani kukokotoa na kulipa posho za wanafunzi elfu kadhaa, mawasiliano hukatika kabla kazi haijaisha. Seva ya mbele ya nginx, isiporekebishwa, hungoja sekunde 60 bila kupata lolote kutoka kwa seva ya nyuma, kisha hurudisha msimbo 504.

Ikumbukwe kwamba msimbo huo hausemi kuwa kazi imeshindikana. Unasema tu kwamba mpatanishi amekoma kungoja. Nyuma yake mchakato waweza kuwa ungali ukilipa. Hapa ndipo mfasiri anapoweza kuleta hasara. Akiandika "Malipo hayakukamilika", kiambishi -ku- hulifunga tukio katika wakati uliopita. Mhasibu atabonyeza tena, na posho zitalipwa mara mbili. Akiandika "Malipo hayajakamilika", -ja- huliacha tukio wazi na kudokeza kuwa linatarajiwa. Hii ni afadhali, ingawa nayo yadai zaidi ya yanayojulikana, kwani huenda malipo yamekwisha kamilika. Lililo kweli ni "Hatujapata jibu".

Suluhisho la kawaida ni kutenganisha kupokea na kutenda. Seva huliweka ombi katika foleni, hulitia nambari, na kujibu papo hapo kwa msimbo 202, uliokuwamo tayari katika maelezo ya HTTP/1.0 ya Mei 1996. Maelezo ya Juni 2022, yaani RFC 9110, yanasema wazi kwamba msimbo huo hauahidi utekelezaji, na kwamba jibu lielekeze mahali pa kufuatilia hali ya ombi. Mchakato mwingine huchukua kazi kutoka katika foleni, na kivinjari hurudi mara kwa mara kuuliza.

Foleni peke yake haitoshi. Kazi moja yaweza kutolewa mara mbili, hasa mchakato unapozimika katikati. Kwa hiyo nambari ya ombi sharti iandikwe katika hifadhidata pamoja na malipo yenyewe, kwa tendo moja lisilogawanyika, ili ombi lililorudiwa litambulike.

Tukirudi kwenye lugha, "Malipo yamepokelewa" haifai kwa msimbo 202: msomaji atadhani wanafunzi wamekwisha pata fedha. Hali timilifu ya -me- yapasa iambatane na ombi, na -ja- iambatane na malipo: "Ombi la malipo limepokelewa, malipo hayajafanyika." Ama -ku-, tunapendekeza ingojee hadi mchakato wenyewe uwe umeandika kwamba umeshindwa na kwamba hapana fedha iliyotoka.