Kufundisha Uhuru wa Kuchagua Vipuri

Shule nyingine siku hizi huhifadhi alama za wanafunzi katika kisanduku chenye diski mbili, ambacho kompyuta zote hukisoma kupitia mtandao wa ndani. Diski moja ikifa, nyingine hubeba mzigo peke yake mpaka kipuri kipatikane.

Somo hili yafaa tulianze kwa taa ya chemli. Utambi ununuliwao Bukoba huwaka katika taa iliyonunuliwa Muleba. Tuwaulize watoto: ingekuwaje taa ikatae utambi usio wa kiwanda chake?

Jambo la namna hiyo limetokea. Mwaka 2025 kampuni ya Synology ya Taiwan ilitoa visanduku ambavyo baadhi yake havikukubali kuanza kazi na diski zisizoidhinishwa nayo. Wateja walilalamika sana, na Oktoba mwaka huo huo programu mpya ikalilegeza sharti hilo.

Hoja ya kampuni isifichwe: diski iliyopimwa hupunguza hitilafu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini diski ikifa katikati ya muhula, na duka la karibu lina diski za aina nyingine tu, mwalimu mkuu afanyeje? Darasa ligawanywe makundi mawili, wauzaji na wanunuzi, wajadiliane. Nasi tusiwahi kutoa hukumu.