Maji ya Shamba na Kikombe cha Jirani

Somo la mwezi huu na lisomwe pamoja na Ezekieli, sura ya 34, pale nabii anapowakemea kondoo wenye nguvu. Kosa lao si kunywa, maana maji ni ya wote. Kosa ni kwamba wakiisha kunywa huyavuruga kwa miguu yaliyosalia, nao wanyonge walio nyuma hupata matope. Mwalimu asiseme upesi kwamba kondoo hao walikusudia mabaya. Na atazame kwanza habari za Iowa, jimbo la Marekani, ambako Walutheri ni wengi, wazao wa wahamiaji wa Ujerumani na Norway.

Upande wa kaskazini wa jimbo lile palikuwa na vinamasi vingi, udongo mweusi wenye rutuba, lakini mizizi ya mazao iliharibika kwa kukaa majini. Basi tangu karne ya 19 wakulima walilaza mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba, kina cha mita moja hivi, na maji yakashuka yakatoka mtoni. Tena kwa kuwa mtu hawezi kuondoa maji yake pasipo kuyapitisha kwa jirani, sheria iliwapa kufanya vyama vya mifereji, kila mmoja akitoa fedha kwa kadiri ya faida aipatayo. Ulikuwa ushirika mwema. Siku hizi mabomba mapya ni ya plastiki.

Taabu ilitoka wapi? Katika udongo na mbolea mna nitrati, chakula cha mimea, nayo huyeyuka majini kama chumvi, wala udongo hauishiki. Bomba huipeleka mtoni upesi, na mji wa Des Moines hunywa maji ya mito. Sheria ya Marekani yakataza maji ya kunywa kupita miligramu 10 za naitrojeni ya nitrati kwa lita, kwa kuwa ikizidi damu ya mtoto mchanga hushindwa kuchukua oksijeni. Mwaka 2015 wenye kugawa maji ya mji waliwashtaki wasimamizi wa mifereji wa wilaya tatu za juu. Mwaka 2017 shtaka likatupwa, na nitrati ilikuwa ingali mtoni.

Mwaka 2021 wilaya ya Polk, ulimo mji ule, pamoja na idara ya kilimo ya jimbo, waliwaendea wenye mashamba, wakajenga mahali zaidi ya 50 pasipo kuwatoza gharama. Penginepo bomba hukatwa kabla ya kufika mtoni, maji yakasambazwa chini ya ukanda wa majani. Penginepo hupitishwa katika shimo lililojazwa vibanzi vya miti. Humo vijidudu vikosapo hewa hutumia nitrati, na naitrojeni yake hurudi angani. Shamba lakauka kama kwanza, ila mvua kubwa ikija maji mengine hupita kando bila kusafishwa.

Hata hivyo mashimo ni machache na mabomba ni mengi mno: Juni 2025 watu wa mji walikatazwa kumwagilia majani ya nyua zao, kwa kuwa mitambo ilielemewa na nitrati.

Mwalimu awaulize wanafunzi: Ni nani apasaye kulipa, aliyevuna mahindi au anywaye maji? Polk walilipa kwa fedha ya wote, na wako wasemao si haki. Wajibu wakiwa na Ezekieli mkononi.